Vifaa vya kufundishia watoto wadogo nyumbani

Vifaa vya kufundishia watoto wadogo nyumbani ni vitabu, chati, vihesabio, michezo na zana nyingine ambazo mzazi au mlezi hutumia kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kabla hajaanza shule, au sambamba na miaka yake ya mwanzo shuleni. Nchini Tanzania walengwa wakuu ni watoto wa umri wa miaka 3 hadi 8. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua vifaa vya gharama nafuu, kwa mifano hasa kutoka mji wa Tunduma na mkoa wa Songwe, ambako lugha nyingi na vitabu vya nchi mbili hukutana sokoni.

Nafasi ya nyumbani katika elimu ya Tanzania

Katika nchi kama Marekani zipo familia ambazo watoto wao hawaendi shule kabisa. Wazazi ndio walimu wao mpaka umri wa sekondari. Tanzania haikufuata njia hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajatimiza miaka 13 aandikishwe katika shule ya msingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Kwa kawaida mtoto huingia darasa la awali akiwa na miaka 5 na darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Kwa hiyo mafunzo ya nyumbani nchini ni ya kuandaa na kusaidia. Hayachukui nafasi ya shule.

Umuhimu wake uliongezeka baada ya Januari 2016, michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za msingi za serikali. Watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliandikishwa, jambo jema, lakini madarasa ya mwanzo yalijaa. Mwalimu mwenye watoto 100 mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti kila siku. Kazi hiyo ya kusikiliza, ambayo ndiyo kiini cha kujifunza kusoma, inaweza kufanyika nyumbani kwa dakika 15 bila gharama yoyote.

Mwaka 2020 nyumba nyingi zilijikuta shuleni ghafla. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya UVIKO-19, na shule za msingi zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Vipindi vilirushwa kwa redio na televisheni. Nyumba isiyokuwa na kitabu hata kimoja wala mtu wa kukaa na mtoto ilipata faida ndogo kutokana na vipindi hivyo.

Kozi zilizofungashwa kamili kwa ajili ya nyumbani nazo zipo. Calvert School ya Baltimore, Marekani, ilianza kutuma masomo kwa posta mwanzoni mwa karne ya 20, na familia za wamisionari na wafanyakazi wa mashirika ya nje zimetumia kozi za namna hiyo sehemu nyingi za dunia. Nyingine ni Accelerated Christian Education iliyoanzishwa Texas mwaka 1970. Kozi hizi ni za Kiingereza, hulipiwa kwa fedha za kigeni, na hufuata mtaala tofauti na wa Tanzania. Mzazi ambaye mtoto wake ataingia shule ya serikali ya Mpemba au Chapwa hana sababu ya kuziwaza.

Mazingira ya Songwe

Mkoa wa Songwe ulitengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa wilayani Mbozi. Tunduma uko kwenye mpaka wa Zambia, ukitazamana na mji wa Nakonde, na unapitiwa na barabara kuu ya kwenda Lusaka pamoja na reli ya TAZARA. Wenyeji wa mkoa huzungumza Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kiwanda, Kimalila, Kibungu na lugha nyingine. Mjini Tunduma husikika pia Kibemba, Kinyakyusa na lugha za wafanyabiashara waliotoka kila upande wa nchi.

Wazazi wengi wa mji huu huishi kwa biashara. Huondoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto hubaki na bibi, dada wa kazi au kaka yake wa darasa la tano. Hali hii inatoa kigezo cha kwanza cha kuchagua kifaa: je, mtu asiye mwalimu anaweza kukitumia bila maelezo marefu? Kitabu kizuri chenye mwongozo wa mwalimu wa kurasa 200 kitabaki kabatini. Kadi 25 za silabi zitatumika.

Herufi: mahali ambapo fedha nyingi hupotea

Kifaa kinachonunuliwa zaidi kwa ajili ya mtoto mdogo ni chati ya alfabeti ya rangi. Nyingi zinazouzwa madukani ni za Kiingereza. Herufi A huambatana na picha ya tofaa, kwa sababu neno la Kiingereza la tunda hilo linaanza na A. Mtoto anayeona tunda na kusema "tofaa" hujifunza kwamba A inatamkwa "t". Jina la herufi nalo linaleta shida. Kwa Kiingereza herufi E huitwa kwa sauti inayokaribia "i" ya Kiswahili, na herufi I huitwa "ai". Mtoto aliyekariri majina hayo akikutana na neno "kiti" hulisoma "kaitai", halafu huambiwa kwamba ni mzito wa kuelewa.

Alfabeti ya Kiswahili kama inavyofundishwa katika madarasa ya mwanzo haina q wala x, na c haisimami peke yake bali ndani ya "ch". Chati inayofaa ni ile inayoanza na irabu a, e, i, o, u, kisha konsonanti zikiunganishwa na irabu hizo. Kiswahili kina bahati kubwa hapa: kila herufi hutamkwa karibu vilevile popote ilipo, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Irabu tano zikiunganishwa na konsonanti tano tu, yaani m, b, k, t na l, zinatoa silabi 25, na kutoka silabi hizo mtoto anaweza kusoma mama, baba, kuku, bata, kiti, kobe, meli, lima, kula na maneno mengine mengi. Mtoto wa Kiingereza hawezi kufika mbali kiasi hicho kwa kadi chache namna hiyo. Ndiyo maana vifaa vya kuanzia kusoma Kiswahili vinaweza kuwa rahisi sana, na anayeuza seti ya bei kubwa kwa mtoto wa miaka minne mara nyingi anauza rangi na plastiki.

Tunduma ina mtego wake mwingine. Vitabu vya watoto kutoka Zambia huvuka mpaka kwa urahisi, vingine vya Kiingereza na vingine vya Kibemba. Katika maandishi ya Kibemba herufi c peke yake hutamkwa kama "ch" ya Kiswahili. Jina lenyewe la lugha huandikwa Icibemba. Mtoto anayezungumza Kibemba nyumbani anaweza kufaidika na hadithi hizo, lakini asianze nazo wakati bado anatafuta msimamo katika tahajia ya Kiswahili. Zisomwe na mkubwa kwa sauti, mtoto akisikiliza.

Lugha ya nyumbani si kikwazo. Shirika la SIL kupitia ofisi yake ya Mbeya limeshirikiana na wenyeji kutayarisha tahajia na vitabu vidogo vya Kinyiha, Kindali, Kimalila, Kibungu na lugha nyingine za nyanda za juu kusini. Hata bila kitabu, hadithi za bibi kwa Kinyamwanga humjengea mtoto msamiati, mfuatano wa matukio na uvumilivu wa kusikiliza. Mwalimu wa darasa la kwanza humtambua mapema mtoto aliyesimuliwa hadithi. Jambo la kuangalia ni sauti chache ambazo watoto wengi wa eneo hili huzichanganya, hasa r na l. Kadi zenye jozi kama "kura" na "kula" au "mahari" na "mahali" husaidia kuliko kumkemea mtoto kila anapokosea.

Kuhesabu

Kwa namba 1 hadi 10 hakuna haja ya kununua chochote. Visoda, vijiti, mawe madogo, punje za mahindi, maharage na buni zilizokaushwa, ambazo Mbozi haikosi, vinatosha. Mchezo wa mdako, ambapo mtoto hurusha jiwe juu na kukokota mawe mengine kutoka kishimoni kwa moja moja, mbili mbili au tatu tatu, ni somo kamili la kuhesabu kwa mafungu, na watoto wanaufahamu tayari.

Kutoka 11 hadi 19 Kiswahili kinamsaidia mtoto: kumi na moja, kumi na mbili. Jina lenyewe linaonyesha kwamba kuna kumi moja na vitu vingine juu yake. Shida huanza 20. Ishirini haifanani na mbili, thelathini haifanani na tatu, wala arobaini na nne, hamsini na tano, themanini na nane, kwa sababu majina hayo ya makumi yametoka Kiarabu wakati mbili, tatu, nne, tano na nane ni ya Kibantu. Sitini, sabini na tisini ni rahisi, kwani sita, saba na tisa nazo ni za asili ya Kiarabu. Mzazi asishangae mtoto akihesabu vizuri hadi kumi na tisa kisha akasema "kumi na kumi".

Kifaa cha kutatua jambo hili ni vijiti 100 vilivyofungwa kwa mafungu ya kumi kwa uzi au mpira. Mtoto anashika mafungu mawili na kuambiwa: haya ni makumi mawili, tunaita ishirini. Mafungu hayo yanamfaa mpaka darasa la pili, kwenye kujumlisha kwa kuchukua na kutoa kwa kukopa.

Mchezo wa duka hufundisha fedha. Tunduma mtoto huona shilingi na kwacha siku moja, na hilo lisiwe tatizo, mradi mchezo mmoja utumie fedha ya aina moja. Saa ya ukutani ni afadhali isubiri. Kiswahili husema saa moja wakati mshale uko kwenye 7, na ng'ambo ya mpaka Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa nzima. Watu wazima wenyewe huulizana "saa ya wapi?"

Zana za kujitengenezea

Kutengeneza zana kwa vitu vya mazingira ni desturi ya zamani katika ualimu wa Tanzania. Elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa miaka ya 1970, shule zilipata wanafunzi kuliko vitabu, na vyuo vya ualimu vilimtaka kila mwanafunzi wake atoke akiwa ameshatengeneza zana kwa mikono yake. Walimu wa kizazi hicho wanajua thamani ya mfuko wa saruji: tabaka la ndani, likifunguliwa na kukung'utwa vumbi nje ya nyumba, ni karatasi ngumu na pana ya chati. Baadaye viroba vyeupe vya plastiki vilichukua nafasi hiyo. Maandishi ya kalamu ya maka isiyofutika hukaa juu yake muda mrefu, na kiroba kikichafuka kinapanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Mji wa mpakani hauishiwi maboksi. Boksi moja la ukubwa wa kati hutoa kadi zote 25 za silabi na kadi za namba. Herufi ziandikwe ndogo na za kuchapa, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kalamu moja na mwandiko mmoja. Kosa la kawaida ni kuandika kila kitu kwa herufi kubwa, na mtoto akifungua kitabu hazitambui zile ndogo. Karatasi ya msasa ikikatwa umbo la herufi na kubandikwa kwenye boksi, mtoto huipitia kwa kidole. Njia hii ilienezwa na Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na seti za kiwandani za jina lake ni ghali bila kuwa bora kuliko msasa wa dukani kwa kazi hiyo. Kuandika kwa kidole kwenye mchanga au unga wa udongo ndani ya sinia kunatangulia penseli. Udongo wa mfinyanzi na magari ya mabua ya mahindi huimarisha vidole ambavyo baadaye vitashika kalamu.

Vitabu vya kiada na vya ziada

Kitabu cha kiada ni kile kinachofuata mtaala na kutumika darasani. Cha ziada ni cha kuongezea mazoezi au usomaji. Tangu kuvunjwa kwa kamati ya kutoa ithibati ya vitabu mwaka 2013, vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, hivyo mzazi anayetaka kwenda sambamba na shule aangalie mwaka wa toleo. Vitabu vya zamani vya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, vilivyoenea baada ya mwaka 2015, bado ni vizuri kwa kusomea: silabi hazikubadilika. Vikipatikana kwa jirani ambaye mtoto wake amevuka darasa hilo, viazimwe bila aibu.

TET ina maktaba mtandao ambako vitabu vyake husomwa bila malipo kwa simu au kompyuta. Kabla ya kukimbilia duka la steshenari kuvichapa, mzazi apige hesabu. Ikiwa ukurasa mmoja ni shilingi 100, kitabu cha kurasa 100 kitagharimu shilingi 10,000 kabla ya kukijalidi, na hakitakuwa na rangi. Afadhali kuchapa kurasa chache zinazohitajika, au hadithi fupi ya kurasa nane kwa shilingi 800.

Hadithi fupi za namna hiyo zinapatikana katika African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na taasisi ya Saide na kuzinduliwa mwaka 2014. Hadithi zake ziko katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa bila kuomba kibali. Ubora wa Kiswahili chake haulingani kutoka hadithi hadi hadithi, kwa hiyo mkubwa asome kwanza. Kwa vitabu vya kununua, hadithi za Kiswahili zilizotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991, na za wachapishaji kama Mkuki na Nyota, zina picha na mazingira ambayo mtoto wa Songwe anayatambua. Maktaba ya mkoa iko mjini Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma. Ni mbali kwa mtoto, lakini si mbali kwa mzazi anayekwenda Mbeya kufuata bidhaa.

Redio, televisheni na simu

Zanzibar ilionyesha mapema kwamba mtoto asiye na darasa anaweza kufundishwa kwa redio, kupitia vipindi vya Tucheze Tujifunze vilivyotumiwa na vikundi vya watoto wadogo vijijini. Kwenye televisheni, Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014, na Akili and Me ni ya watoto wadogo zaidi, wa umri wa awali. Zote zilitengenezwa Dar es Salaam na zinapatikana kwa Kiswahili.

Jaribio kubwa la tableti lilifanyika mkoani Tanga katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wa vijijini ambao wengi wao hawakuwa shuleni walipewa tableti zenye programu za Kiswahili na kuachwa wajifunze wenyewe. Mwaka 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu zilizoshindanishwa ziliwekwa wazi kwa umma. Zilitengenezwa zifanye kazi bila intaneti, na hilo ni kigezo kizuri cha kuchagulia programu yoyote ya mtoto: inayodai kifurushi kila siku au kuonyesha matangazo si ya bei nafuu, hata kama imeandikwa kuwa ni ya bure.

Mpangilio wa matumizi ya fedha

Kwa familia yenye fedha kidogo, cha kwanza kununua ni kalamu ya maka, kisha daftari la mistari mipana, penseli na kifutio, na kibao au ubao mdogo wenye chaki. Vinafuata vitabu viwili au vitatu vya hadithi. Kitabu kimoja kinachosomwa mara 20 kinamfaa mtoto kuliko vitabu 20 vilivyopekuliwa picha. Madaftari ya kufuatisha nukta huisha baada ya wiki na hayana faida kuliko mzazi kuandika nukta mwenyewe. Chati za rangi, fumbo za plastiki na vinanda vya betri vije mwisho, au visije.

Wazazi wa mtaa mmoja, kwa mfano Sogea au Kaloleni, wanaweza kuchangia. Familia tano zikinunua vitabu vitatu tofauti kila moja, kila mtoto ana vitabu 15 vya kusoma kwa kupokezana. Daftari la kuandika nani ameazima nini ni muhimu kuliko kabati la kuvihifadhia.

Usalama

Mtoto wa chini ya miaka 3 huweka kila kitu mdomoni, hivyo maharage, punje na visoda visiachwe mbele yake bila mtu mzima. Punje huingia pia puani na masikioni. Visoda vikunjwe kingo kwa nyundo kabla ya kutumika.

Katika mkoa wa wakulima iko hatari isiyotajwa sana katika miongozo ya mijini. Mbegu za mahindi za dukani hupakwa dawa, na nyingi hutiwa rangi ili zitambulike. Watoto huzipenda kwa sababu ya rangi hiyo. Zisitumike kuhesabia kamwe. Vivyo hivyo mahindi ya ghalani yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia wadudu, ambayo hayana rangi ya kuyatofautisha, na viroba vilivyobebea mbolea au dawa za mimea, hata vikiwa vimefuliwa. Kiroba cha chati kiwe kilichobeba unga, mchele au sukari.